KADI MBILI, JINA MOJA
Namna ya Kulinganisha Kadi za Michoro za Kompyuta

Mwishoni mwa mwaka 2019 mwanafunzi mmoja wa ubunifu wa majengo alibisha hodi ofisini kwangu akiwa na karatasi mbili za bei kutoka maduka mawili ya Dar es Salaam. Baada ya kuamkiana alinieleza kwamba alikuwa amedunduliza akiba kwa miezi minane ili anunue kadi ya michoro. Kompyuta yake ilikuwa imekwisha kutumika ofisini ng'ambo kabla ya kuletwa nchini, na kila alipojaribu kuzungusha picha ya jengo alilolichora, picha ilikwama. Karatasi zote mbili zilitaja kadi ya jina lile lile: GeForce GT 1030 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2. Hata hivyo, bei hazikuwa sawa.

"Mwalimu," aliniuliza, "ikiwa jina ni moja, kwa nini nisichukue iliyo rahisi?"

Swali hilo ni la haki, wala si la mwanafunzi yule peke yake. Shule inayoandaa chumba cha kompyuta, hospitali inayotaka kusoma picha za eksirei, na idara ya chuo inayotangaza zabuni, zote hukabiliwa nalo. Kadi hizi haziundwi hapa nchini. Kila moja huagizwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo kosa la uchaguzi ni hasara ya mnunuzi na ya Taifa pia. Katika makala haya tutaeleza vipimo vinavyoandikwa kwenye karatasi za kadi, maana ya kila kimoja, na sababu ya vipimo hivyo kutoafikiana mara nyingi na kazi inayofanyika. Mwishoni tutarejea kwa mwanafunzi wetu na karatasi zake mbili.

1. Kazi ya kadi ya michoro

Kioo cha kawaida cha kompyuta kina nukta, yaani pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Tukizidisha tunapata nukta 2,073,600. Ili jicho lione mwendo laini, picha huchorwa upya mara 60 hivi kila sekunde. Maana yake ni kwamba katika kila sekunde moja mashine hupaswa kuamua rangi ya nukta zaidi ya milioni 124, na kila nukta yaweza kuhitaji hesabu nyingi za mwanga, kivuli na umbali.

Prosesa kuu ya kompyuta ni kama fundi bingwa: ana akili nyingi na mikono michache. Kadi ya michoro, kwa upande wake, ni kama kijiji kizima kilichotoka kupalilia shamba moja. Hakuna mpaliliaji aliye bingwa, lakini kila mmoja ana mstari wake, na wote huinua jembe kwa pamoja. Wapaliliaji hao ndio wanaoitwa viini. Kwa kuwa kazi nyingi za sayansi nazo zinaweza kugawanywa katika mistari ya namna hiyo, kadi hizi leo hutumika pia kutabiri hali ya hewa, kuchambua picha za satelaiti, na kufundisha mashine kutambua magonjwa ya mimea kwa kutazama majani.

Tunaweza kuigawa kadi katika sehemu nne: chipu yenye viini, kumbukumbu inayohifadhi picha na data, njia inayoiunganisha kadi na kompyuta, na mfumo wa umeme na upoozaji. Maji hayatoki bombani kwa wingi unaozidi ule unaoruhusiwa na sehemu yake iliyo nyembamba. Ndivyo ilivyo kadi ya michoro. Anayetazama sehemu moja tu hajaiona kadi.

2. Viini, mapigo na teraflopu

Kipimo kinachotangazwa kwa sauti kubwa kuliko vyote ni idadi ya viini, na baada yake huja kasi ya mapigo. Viini hufanya kazi kwa kufuata mapigo kama wapiga makasia wanavyofuata ngoma. Kadi yenye megahezi 1,468 hupiga mapigo milioni 1,468 kwa sekunde.

Kutokana na vipimo hivyo viwili hupatikana cha tatu. Kila kiini huweza kuzidisha na kujumlisha katika pigo moja, na hayo huhesabiwa kuwa matendo mawili. Basi tukizidisha idadi ya viini kwa mapigo, kisha kwa mbili, tunapata upeo wa matendo kwa sekunde. Matendo milioni milioni moja kwa sekunde huitwa teraflopu moja. GT 1030, yenye viini 384 na megahezi 1,468, hufikia teraflopu 1.13 hivi.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni upeo tu, na upeo huo hufikiwa kwa nadra. Hebu tutazame mifano miwili.

Mwezi Mei 2016 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitoa kadi ya GeForce GTX 1080 yenye teraflopu 8.9. Mwezi Agosti 2017 kampuni ya AMD, nayo ya Marekani, ilitoa Radeon RX Vega 64 yenye teraflopu 12.7. Kwa karatasi, Vega ilizidi kwa zaidi ya asilimia 40. Zilipopimwa kwa michezo ya kompyuta, kadi hizo mbili zilikaribiana sana, hii ikitangulia hapa na ile ikitangulia pale. Aidha Vega ilikadiriwa kula wati 295, ilhali mwenzake alikula wati 180. Hata hivyo, katika baadhi ya kazi za hesabu tupu nguvu ya Vega ilionekana wazi. Kwa hiyo si kwamba teraflopu zake zilikuwa za uongo. Kazi ya michezo haikuweza kuzitumia zote.

Mfano wa pili ni wa kampuni moja. GeForce RTX 2080 Ti ya mwaka 2018 ilikuwa na viini 4,352 na teraflopu 13.4. RTX 3070 ya mwaka 2020 ilikuwa na viini 5,888 na teraflopu 20.3, yaani nusu zaidi. Katika michezo zilifanya kazi karibu sawa. Sababu ni namna ya kuhesabu viini. Tuchukue kiwanda cha nguo chenye mafundi 64 wa kushona na 64 wa kukata, ambacho hujitangaza kuwa kina washonaji 64. Kisha wale wakataji wafundishwe kushona pia. Kiwanda sasa kitajitangaza kuwa na washonaji 128, na hakitakuwa kimesema uongo. Lakini kila kitambaa kinapohitaji kukatwa, baadhi yao hurudi kwenye mkasi. Ndivyo ilivyofanyika: vitengo vilivyokuwa vikishughulikia namba kamili peke yake vilipewa uwezo wa kushughulikia pia namba za desimali, na hesabu ya viini katika kila kundi ikawa maradufu.

Funzo ni hili: viini na teraflopu vinaweza kulinganishwa kwa usalama baina ya kadi za kizazi kimoja na za mtengenezaji mmoja. Nje ya hapo ni vidokezo tu.

3. Kumbukumbu: ukubwa na kasi

Kiini kisicholetewa data hukaa bure hata kama kina mapigo ya kasi namna gani. Kwa sababu hiyo kumbukumbu ya kadi ina vipimo viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa.

Cha kwanza ni ukubwa, unaotajwa kwa gigabaiti. Huu ni kama ukubwa wa ghala: hueleza kiasi kinachoweza kuhifadhiwa, si wepesi wa kukitoa. Cha pili ni kasi ya kupitisha data. Hii hupatikana kwa kuzidisha upana wa njia, unaotajwa kwa biti, kwa kasi ya kila waya, kisha kugawanya kwa nane ili kupata baiti.

Sasa tunaweza kuzifungua karatasi za mwanafunzi wetu. GT 1030 ilitolewa kwanza mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, iliyobuniwa kwa ajili ya kadi za michoro. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine kwa jina hilo hilo, lakini ikiwa na DDR4, ambayo ni kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta.

Jedwali: GT 1030 za aina mbili

| Kipimo | Ya GDDR5 (2017) | Ya DDR4 (2018) |
|---|---|---|
| Viini | 384 | 384 |
| Mapigo ya juu (megahezi) | 1,468 | 1,379 |
| Ukubwa wa kumbukumbu (gigabaiti) | 2 | 2 |
| Upana wa njia (biti) | 64 | 64 |
| Kasi ya kumbukumbu (gigabaiti kwa sekunde) | 48 | 16.8 |
| Umeme (wati) | 30 | 20 |

Mnunuzi anayesoma jina, idadi ya viini na gigabaiti ataona kadi moja. Hata mapigo yamepungua kwa asilimia 6 tu. Lakini mstari wa tano wasema mengine: kasi ya kumbukumbu imeshuka hadi karibu theluthi moja. Majaribio yaliyofanywa na wapimaji huru mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika michezo mingi kadi ya DDR4 ilitoa takriban nusu tu ya picha za mwenzake, na pengine chini ya nusu. Tofauti yote hiyo ilikaa katika neno moja dogo pembeni mwa boksi, au katika herufi D4 badala ya D5 ndani ya namba ndefu ya bidhaa.

Msomaji asije akakimbilia kudhani kwamba kasi ya kumbukumbu ndiyo hakimu wa mwisho. RTX 3060 ya gigabaiti 12, iliyotolewa mwaka 2021, hupitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. RTX 4060 ya mwaka 2023 hupitisha 272 tu, lakini katika michezo mingi huitangulia ile ya kwanza. Mbali na viini vyake vyenye mapigo ya kasi zaidi, ina kumbukumbu ndogo ya karibu, iliyo ndani ya chipu yenyewe, ya megabaiti 24, ilhali ile ya awali ina megabaiti 3. Mpishi mwenye kabati kubwa jikoni haendi ghalani kila mara, basi njia ya ghala ikiwa nyembamba kidogo hadhuriki sana.

Lakini kazi ikiwa kubwa kuliko ghala, mambo hugeuka. RTX 4060 ina gigabaiti 8. Mradi unaohitaji gigabaiti 10 utaenea ndani ya RTX 3060 na hautaenea ndani ya 4060, na hapo kadi mpya yaweza kushindwa na ya zamani, au kukataa kazi kabisa. Kwa wanaofundisha mashine kutambua picha, au wanaochora majengo makubwa yenye mapambo mengi, ukubwa wa ghala aghalabu ndio wa kutazamwa kwanza.

4. Njia ya kuingilia kwenye kompyuta

Kadi huchomekwa katika nafasi ya PCI Express iliyo kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Nafasi hiyo ina mistari, na kila kizazi kipya cha PCI Express hupitisha data karibu maradufu ya kilichotangulia.

Jambo hili ni la uzito kwetu, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazonunuliwa nchini zimekwisha kutumika miaka kadhaa kwingineko. Radeon RX 6500 XT, iliyotolewa Januari 2022, ina mistari 4 tu na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Katika ubao wa kizazi cha nne mistari hiyo hupitisha gigabaiti 8 hivi kwa sekunde. Katika ubao wa kizazi cha tatu, gigabaiti 4 hivi. Maadamu data yote inaenea ndani ya kadi, tofauti ni ndogo. Ghala linapojaa na data kulazimika kuchukuliwa kutoka kumbukumbu kuu ya kompyuta, mlango huo mwembamba huonekana, na kasi hushuka sana. Hivyo kadi ile ile humtumikia vizuri mwenye kompyuta mpya na kumkatisha tamaa mwenye kompyuta ya zamani, ambaye ndiye aghalabu hutafuta kadi ya bei nafuu.

5. Umeme na joto

Nafasi ya PCI Express ya kadi za michoro huipa kadi wati 75 kwa wingi. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kompyuta nyingi ndogo za ofisini hazina waya huo wala nguvu ya kutosha. Mnunuzi asiyelitazama hili huenda akarudi nyumbani na kadi isiyowaka.

Kula umeme nako ni gharama. RTX 3060 imekadiriwa wati 170, na RTX 4060 wati 115. Zikifanya kazi kwa nguvu zote saa tano kwa siku, ya kwanza hutumia uniti 0.85 na ya pili uniti 0.575. Kwa siku 25 tofauti ni karibu uniti 7 kwa kadi moja. Chumba chenye kadi 20 hutofautiana kwa uniti zaidi ya 137 kila mwezi.

Joto nalo lisisahauliwe. Kadi ya kisasa hujipunguzia mapigo yenyewe inapopata moto kupita kiasi. Wapimaji wengi hufanya majaribio katika vyumba vyenye ubaridi. Chumba cha Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari, kisicho na kipoza hewa na chenye vumbi katika mapezi ya kadi, ni mazingira mengine kabisa. Feni mbili nzuri na usafi wa mara kwa mara vyaweza kuokoa kasi ambayo fedha nyingi zilitumika kuinunua.

6. Namna ya kupima

Kipimo cha haki cha utendaji ni kazi yenyewe. Kwa michezo na michoro inayotembea, wapimaji huhesabu idadi ya picha kwa sekunde. Hata hivyo wastani peke yake huficha mambo. Tuseme kadi ya kwanza huchora kila picha kwa milisekunde 20. Kwa sekunde moja itachora picha 50. Kadi ya pili huchora picha 49 kwa milisekunde 16 kila moja, kisha moja kwa milisekunde 216. Hiyo nayo ni picha 50 katika sekunde moja. Wastani ni sawa, lakini mtumiaji wa kadi ya pili ataona kioo kikiganda kwa zaidi ya sehemu ya tano ya sekunde. Ndiyo maana wapimaji makini hutaja, pamoja na wastani, kasi ya ile asilimia moja ya picha zilizochelewa kuliko zote.

Kwa kazi za uchoraji wa majengo au filamu, pima muda wa kumaliza picha moja kwa programu utakayoitumia. Programu ya Blender, kwa mfano, hupatikana bure na ina jaribio lake maalumu la kulinganishia kadi. Hakikisha pia kwamba programu yako inaifahamu kadi hiyo, kwa maana zipo programu za sayansi zilizoandikwa kwa kufuata mfumo wa CUDA wa NVIDIA, na hizo haziendeshwi na kadi ya kampuni nyingine bila marekebisho.

7. Kadi zilizotumika na kadi za bandia

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha utaratibu uliohitaji hesabu nyingi za kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo zikaingia sokoni kwa bei ya chini. Si zote zilizo mbovu, lakini mnunuzi aombe kuiona kadi ikifanya kazi nzito kwa angalau nusu saa, na asikilize feni.

Hatari kubwa zaidi ni ya bandia. Wapo walaghai walioandika upya programu ya ndani ya kadi kuukuu, kama GTS 450 ya mwaka 2010, ili ijitambulishe kwa kompyuta kuwa ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z husoma chipu yenyewe, huonyesha aina ya kumbukumbu na upana wa njia yake, na huweza kutambua nyingi katika kadi za namna hiyo. Inafaa mnunuzi aende nayo dukani katika kisahani cha kuhifadhia data.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mnunuzi aulize maswali haya kwa utaratibu huu: Kazi yangu ni ipi, nayo inahitaji kumbukumbu ya ukubwa gani? Kumbukumbu ya kadi ni ya aina gani, na hupitisha gigabaiti ngapi kwa sekunde? Ubao wa kompyuta yangu ni wa kizazi gani, na kadi ina mistari mingapi? Pawasaplai yangu inaimudu? Wapimaji huru wamepata nini kwa kazi inayofanana na yangu? Baada ya hayo ndipo atazame viini na teraflopu, na jina liwe la mwisho. Wanaoandika zabuni nao waandike vipimo hivi vyote. Zabuni inayotaja jina peke yake humruhusu mwuzaji kuleta kadi iliyo dhaifu bila kuvunja mkataba.

Mwanafunzi yule alirudi madukani akaomba maboksi yote mawili yafunguliwe. Kadi iliyokuwa rahisi ilikuwa ya DDR4. Alichukua ile nyingine, iliyohitaji wati 30 tu na hivyo kuiwezea kompyuta yake ya ofisini bila waya wa ziada. Haikuwa kadi kubwa hata kwa wakati ule, lakini wiki iliyofuata alikuja kunionyesha zahanati aliyoichora, akaizungusha mbele yangu kutoka barazani hadi uani, na picha haikukwama. Alikuwa ameongeza fedha kidogo tu, na katika majaribio kama yale ya mwaka 2018 nyongeza hiyo ilikuwa na thamani ya kadi ya pili.